Nilihamisha plasta ya jicho la mjukuu wangu kwa huruma, kumbe namharibia

Wakuu, hamjambo humu ndani. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa sidhani kama mmebaki wengi.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, mwaka huu. Si ya jirani, wala si ya "rafiki yangu mmoja". Ningependa sana yawe ya jirani.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa. Naishi ng'ambo ya mto, ukitaka kufika Garsen lazima uvuke kwa mtumbwi kwanza. Nilisoma mpaka Form Four, nikafanya kazi ya ukarani wa stoo miaka mingi, na sasa nina migomba, mpunga mafuriko yakikubali, na kiti cha plastiki mbele ya nyumba.

Pia nina makengeza. Tangu utotoni. Jicho la kulia likiwa Garsen, la kushoto liko Hola linasalimia watu. Shuleni waliniita Njia Panda. Nilizoea.

Sasa tuje kwenye kisa.

Binti yangu Rahabu ni mpishi katika hoteli moja kule Madogo. Mtoto wake, Salome, ana miaka mitano, anaishi na mimi na bibi yake, na anasoma nasari hapa kijijini. Huyu ni mtoto wa maswali. Akiamka anauliza, akila anauliza, ukimwambia nyamaza anauliza mpaka lini.

Jicho lake la kushoto linaingia ndani, kama linachungulia pua.

Mimi nilifurahi. Ndiyo wakuu, nilifurahi. Nina wajukuu saba, na huyu peke yake ndiye aliyechukua kitu changu. Nilikuwa nikimwonyesha kwa wageni.

Mwalimu wake hakufurahi. Akamwandikia Rahabu, Rahabu akaomba ruhusa kazini, akaja, akampeleka mtoto kliniki ya macho Garsen. Walirudi na boksi la plasta za macho, zile za kubandika usoni, pamoja na maagizo.

Maagizo yalikuwa rahisi. Plasta inabandikwa kwenye jicho ZIMA, yaani la kulia, muda wa saa mbili kila siku. Lile zima likifungwa, lile vivu, ambalo wataalamu wanaliita lazy eye, linalazimika kuamka na kufanya kazi. Baada ya miezi miwili arudishwe akapimwe.

Sista wa macho alikuwa amesisitiza jambo moja: umri huu ndio wa kazi hiyo. Mtoto akikua, ubongo unakuwa umeshazoea kulipuuza lile jicho, na hapo kulirudisha ni shida kubwa.

Kwa hiyo mjue kabisa kilichokuwa mikononi mwangu. Ni jicho la mtoto, na muda wake.

Rahabu akaandika juu ya boksi kwa kalamu nzito: LA KULIA. Akaniketisha.

"Baba, jicho gani?"

"La kulia."

"Tena."

"La kulia. Rahabu, mimi nimekuwa karani wa stoo miaka ishirini."

"Ndiyo maana nauliza mara mbili."

Akapanda gari akarudi Madogo. Mke wangu mchana huwa shambani, kwa hiyo kazi ya plasta ikawa yangu.

Siku ya kwanza nikabandika la kulia, kama nilivyoagizwa. Salome akasimama, akatembea hatua tatu, akagonga mbuzi. Mbuzi naye hakutarajia. Mtoto akalia, mbuzi akalia.

Nikampa kikombe cha uji. Mkono wake ukapita pembeni ya kikombe, ukarudi, ukapita upande wa pili. Akaniambia, "Babu, kikombe kinanikimbia."

Siku ya pili akalia kabla ya plasta. Siku ya tatu akalia kabla ya kuona boksi. Siku ya nne akanishika shati akasema, "Babu, mbona unanizima?"

Wakuu, mnajua neno kama hilo linavyoingia.

Nikakaa nikafikiri kwa ile akili yangu ya stoo. Kiungo kinachougua ndicho kinachofunikwa. Mguu ukivunjika unafunga ule uliovunjika, hufungi ule mzima. Sasa kwa nini jicho zima ndilo lifungwe, na lile gonjwa liachwe nje linapigwa jua? Nikaona hawa vijana wa kliniki wamechanganya.

Nisijifiche nyuma ya hilo, lakini. Ukweli ni kwamba nilichoka kusikia mtoto akilia. Hesabu ile niliitafuta baadaye, ili initulize.

Nikabandua plasta nikaihamishia kushoto.

Salome akafungua jicho lake zima, akatazama huku na huku, akacheka, akakimbia mpaka kwenye migomba na kurudi. Uji akamaliza. Mbuzi akasalimika.

Nikamwambia, "Hii ni siri yetu."

Akauliza, "Mpaka lini?"

Kuanzia siku hiyo mambo yakawa matamu. Kila mchana plasta kushoto, nikiichora ua kwa kalamu. Mke wangu alikuta imeshabanduliwa kila aliporudi. Rahabu akipiga simu namwambia, "Anaendelea vizuri, hata halii tena." Na hilo halikuwa uongo hata kidogo, ndiyo ubaya wake.

Hapa nitoke nje ya barabara kidogo.

Mimi maisha yangu yote nimekuwa na ujanja fulani. Nikimimina chai, naegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, ndipo namimina. Nikishuka mahali, mguu mmoja unatangulia kupapasa. Nikipewa kitu, nasubiri kiguse mkono. Nilidhani kila mtu anafanya hivyo, na wasiofanya ni watu wa haraka haraka.

Nikisahau ujanja wangu, chai inamwagika mezani. Na kila ikimwagika, nimemwambia mke wangu, "Mama Rahabu, umesogeza kikombe." Miaka arobaini na minne. Umesogeza kikombe.

Kuna na habari ya ndege. Nilipokuwa nachumbia, nilikwenda kumsaidia baba mkwe kufukuza ndege kwenye mpunga. Unapanda ulingoni na kombeo na madonge ya udongo, ndege wakitua unarusha. Nilirusha asubuhi nzima, sikupata hata unyoya. Donge moja tu ndilo lililopata kitu, nalo lilimpata baba mkwe mgongoni, akiwa ameinama.

Shemeji yangu Buya, kaka wa mke wangu, ndiye anayevusha watu kwa mtumbwi hapa kwetu. Mpaka leo abiria wakipungukiwa mazungumzo anawasimulia hilo donge. Anasema nililenga.

Haya, turudi. Huo ujanja wangu wa kugusa kwanza nilimfundisha Salome, tena kwa fahari. Gusa kikombe, gusa mlango, gusa ngazi. Alishika haraka.

Siku ya kliniki ikafika. Rahabu hakupata ruhusa, nikasema nitampeleka mimi. Nikavaa suruali yangu ya kijivu ya kanisani, tukaingia kwenye mtumbwi wa Buya.

Tulipofika upande wa pili, nikataka kushuka kama mtu mwenye heshima zake, maana kulikuwa na akina mama wanasubiri kuvuka. Nikaona ukingo uko pale. Nikaukanyaga.

Haukuwa pale.

Niliingia mpaka kiunoni. Buya akaachia kasia ili apate nafasi ya kucheka. "Shemeji! Mamba wamefunga leo, toka polepole!"

Nyuma yangu Salome akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akanyoosha mguu, akagusa ardhi mara moja, akagusa mara ya pili, akashuka mkavu kabisa.

"Babu, si ulisema tuguse kwanza?"

Akina mama wakapiga makofi. Na mimi, mpumbavu, nikasimama mle majini nikiona fahari kwamba mtoto amehitimu.

Kliniki tulikuta foleni fupi. Mbele yetu alikuwa Mzee Guyo, Muorma, mfugaji ninayemfahamu kutoka mnadani. Alikuja kupimwa mtoto wa jicho. Akanitazama suruali, akatazama nje kama kuna mvua. Watu wa heshima.

Sista wa macho anaitwa Kadzo, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Akamziba Salome jicho la kulia, akamwonyesha ile chati ya ukutani. Mtoto akasoma picha kubwa ya juu kabisa. Ya pili akakisia. Ya tatu akauliza, "Iko wapi?"

Sista akafungua kadi ya mara ya kwanza, akalinganisha. Akapima tena.

"Mzee wangu, plasta anabandikwa?"

"Kila siku, sista. Sijakosa hata moja."

"Saa mbili?"

"Wakati mwingine hata tatu."

"Jicho gani?"

Wakuu, hapo nilitazama dirisha.

Salome akanisaidia. "La kushoto," akasema. "La kulia Babu alisema tuache. Ni siri yetu."

Sista Kadzo akaweka kalamu chini taratibu. Afadhali angeirusha.

"Miezi miwili," akasema, "umelifunga jicho ambalo tunaliamsha. Umelipatia likizo juu ya likizo."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia mtoto alikuwa analia. Nikamwambia, tena, mimi mwenyewe ni hivi hivi, nimeoa, nimefanya kazi, nimejenga, na sijawahi kupata shida yoyote na macho yangu.

Akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. "Suruali imelowa nini?"

"Ameanguka mtoni," akasema Salome. "Aliona ukingo ambao hauko."

Sista akatoa kitabu chembamba na miwani myeusi. Akanivisha, akanifungulia ukurasa. Picha ya inzi, mkubwa kama kiganja.

"Mzee, mshike mabawa kwa vidole viwili."

Nikaona maskhara gani haya. Nikabonyeza karatasi. "Huyu hapa."

Akamwita Mzee Guyo, akamvisha ile miwani, akamwonyesha ukurasa ule ule.

Mzee Guyo alirudi nyuma na kiti chake. "Wee! Toa hii dudu! Inakuja!" Fimbo ikainuka. Sista akaokoa kitabu.

Nikacheka. Nikasema, "Mzee Guyo, ni picha tu." Akanijibu, "Picha gani inasimama? Bawa iko hapa juu!" Na vidole vyake vikawa vinabana hewa, mbali kabisa na karatasi, kama mtu anayeshika kitu.

Mtu ana mtoto wa jicho, na anaona kitu ambacho mimi sikioni.

Nikavaa tena. Karatasi. Nikageuza kichwa, nikakonyeza, nikasogeza karibu. Karatasi tu.

Salome naye akavishwa. Akanyoosha kidole, akakibonyeza kwenye karatasi, pale pale nilipobonyeza mimi. Akanigeukia akitabasamu, kwamba tumepata jibu moja.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Sista alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Macho mawili hayako mahali pamoja, kwa hiyo kila moja linaona picha tofauti kidogo na mwenzake. Ubongo unazichukua zote mbili, unazipima tofauti, na kwenye tofauti hiyo unajua hiki kiko mbele, kile kiko nyuma, na kwa kiasi gani. Dunia inapata tumbo na mgongo.

Ukiwa na makengeza tangu utotoni, picha hazilingani. Ubongo unachoka na ugomvi, unaitupa moja. Unabaki na jicho moja la kazi. Unaona rangi, unaona sura, unasoma gazeti, lakini ule umbali mdogo mdogo wa hapa na pale unaukisia kwa vivuli na mazoea. Na kwa kuwa hujawahi kuwa nao, huwezi kujua umeukosa.

Mkitaka kuonja, chukueni kalamu mbili. Fungeni jicho moja, mnyooshe mikono, mguse ncha kwa ncha kwa mara moja. Sasa mwazieni mtu anayevuka mto kwa akili hiyo.

Nikamuuliza sista kama mimi naweza kubandikwa. Akasema kwa umri wangu nisitegemee kitu, nijitunze tu na nishuke mtumbwini kama mtu mzima. Nikamuuliza kuhusu mtoto.

"Ana miaka mitano. Muda bado upo," akasema. "Lakini si mwingi wa kuchezea, na mwingine umeshauchezea."

Nikaenda nyumbani na hayo maneno. Mtumbwini Buya alisimulia donge.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kila kitu, kuanzia plasta mpaka inzi. Alikasirika kuhusu plasta, sana, kwa haki yake. Kisha nikafika kwenye habari ya kikombe.

Akasema, "Kwa hiyo sikukisogeza."

"Hukukisogeza."

"Hata siku ya mchungaji?"

"Hata siku ya mchungaji."

"Na birika ya harusi ya dada?"

Wakuu, ana kumbukumbu yule mwanamke. Alitaja moja moja siku mbili mfululizo. Akiwa anapeta mchele anainua kichwa: "Na ile ya Krismasi?" Nami najibu, "Hata hiyo." Niliona ni haki yake amalize orodha.

Rahabu nilimpigia mwenyewe kesho yake. Sitaandika yote aliyosema. Mwisho akasema hataki pole yangu ya simu, anataka kuona nitafanya nini, na baada ya hapo niandike haya yote mahali ambapo watu wananijua kwa ujuaji. Ndiyo mnayasoma.

Tukaanza upya, jicho la kulia. Salome alilia kuliko mwanzo, maana sasa alikuwa amezoea raha.

Nikajibandika na mimi. Jicho langu zima, saa mbili zile zile. Sista alishasema halitanisaidia, na ni kweli, lakini mtoto alinyamaza kuangalia. Akauliza, "Babu, unaniona?" Nikasema, "Naona kitu chekundu kinaniuliza maswali." Akacheka mpaka akaketi.

Tukawa tunakaa wawili kwenye mkeka, kila mtu na ua lake jichoni, tunachagua mawe kwenye mchele. Siku za kwanza tulikula mawe mengi. Tulitupiana machungwa, hakuna aliyedaka hata moja kwa wiki mbili. Mbuzi alihamia kwa jirani. Buya akija kututembelea anasimama mbali anapiga kelele, "Hodi, nipo huku, upande wa kushoto, sogezeni vichwa!"

Miezi mitatu imepita. Wiki iliyopita tulirudi kliniki, na Rahabu alikuwepo, amekaa kati yangu na sista kusudi. Salome akazibwa jicho la kulia, akasoma juu, akasoma ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano akauliza iko wapi.

Rahabu alinishika mkono.

Inzi bado ni karatasi kwake. Sista anasema kwanza jicho lione, kisha watazame habari ya kulinyoosha, na hata hapo huenda ule uwezo wa kuona umbali ukaja kidogo tu, au usije. Nilimuuliza kama ile miezi yangu miwili ndiyo iliyouchukua. Akasema hakuna anayeweza kujua.

Kwa hiyo nami sitajua. Hilo nalibeba, sitafuti mtu wa kunipunguzia.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto wako akiwa na makengeza, mpeleke mapema, usimwonyeshe kwa wageni. Ukipewa maagizo usiyoyaelewa, uliza palepale. Usingoje ufike nyumbani uyatafsiri na mbuzi. Na kama tangu zamani chai yako inamwagika pembeni ya kikombe, kapimwe kabla hujamlaumu mtu.

Mwenye matusi anitukane, Rahabu anasoma humu na amesema atahesabu. Ila zaidi naomba mliowahi kubandika mtoto plasta mniambie mlimshikaje, kwa sababu saa mbili za leo zinaanza sasa hivi, boksi ninalo mkononi, na Salome amejificha nyuma ya pazia huku miguu yote miwili iko nje. Ngoja nijifanye namtafuta kwanza.